Heri ya Mtende: Kuchagua Mitende ya Kivulini kwa Bustani za Pwani za Baridi

Mitende ya kivulini ni ile inayoishi chini ya miti mingine, ama maisha yake yote, ama kwa miaka mingi ya utoto wake. Jamii nzima, yenye mnazi, mkindu, mvumo, mpopo, mchikichi na mtende wenyewe wa tende, ina spishi zipatazo 2,600, na nyingi kati ya hizo hazijulikani na watu wa mahali penye jua kali kwa sababu hazitoki msituni. Shina la mtende wa kivulini huwa jembamba, au limejificha ardhini lisionekane kabisa. Makuti yake ni mapana na ya kijani kilichokolea, kwani hufanya kazi kwa mwanga mdogo uliokwisha kuchujwa na majani ya juu. Msitu wa Ngezi, kisiwani Pemba, una mtende wa msituni uitwao mpapindi, ambao hauoti kwa asili nje ya kisiwa hicho. Mpapindi hauwezi baridi, na hakuna haja ya kuujaribu. Lakini milima ya Meksiko, ya Andes na ya China, pamoja na misitu ya New Zealand, ina jamaa zake waliozoea ubaridi, na hao ndio wanaotafutwa na watu wenye bustani katika pwani ambazo majira yake ya joto hayana joto la kutosha.

Pwani hizo ni chache na zinafanana. Iko ile ya Amerika Kaskazini upande wa magharibi, kuanzia San Francisco hadi Vancouver. Viko visiwa vya Scilly na mkoa wa Cornwall kusini-magharibi mwa Uingereza. Iko kusini-magharibi mwa Ayalandi. Bahari huzilinda na baridi kali wakati wa majira ya baridi, lakini bahari hiyo hiyo huzinyima joto mwezi Julai. Mjini San Francisco wastani wa joto la mchana mwezi huo ni kama nyuzi 19 za Selsiasi, na upande unaotazama bahari ukungu hulifanya liwe pungufu zaidi. Mtende unaopandwa hapo kwa kawaida hauungui kwa jua wala haufi kwa theluji. Tabu yake ni nyingine: siku nyingi za uvuguvugu mdogo, udongo usiopata moto, na mvua za majira ya baridi zinazotuama penye mizizi.

Kuchagua mtende wa kupanda mahali kama hapo huonekana kazi ya ufundi tu. Ndani yake, hata hivyo, limo swali la zamani la falsafa na la dini: je, mmea una heri yake wenyewe, iliyo tofauti na matakwa ya aliyeupanda? Na ikiwa unayo, mtu anayeutoa mmea kwao na kuupeleka ugenini anadaiwa nini? Swali hilo huwa gumu kuliona katika nchi ya joto, ambako mmea usiokufa kwa kawaida pia hukua, huchanua na kuzaa. Bustani ya baridi ndiyo inayotenganisha mambo hayo. Humo mtende unaweza kuishi miaka 20 bila kufa na bila kustawi hata siku moja, na mwenye kuupanda akajisifu kwamba ameshinda.

Aristotle, katika kitabu chake juu ya nafsi, aliupa mmea nafsi ya daraja ya kwanza: ile ya kujilisha, kukua na kuzaa mfano wake. Mmea hauoni wala haufikiri, lakini una kazi zake, na kila chenye kazi kinaweza kuifanya vizuri au vibaya. Kwa mtazamo huo heri ya mmea si fumbo la kishairi. Ni jambo linaloweza kutazamwa, na kwa kiasi fulani kuhesabiwa. Mtende unaofaulu hutoa makuti mapya makubwa kuliko yaliyotangulia, hunenepa shina au huongeza machipukizi pembeni, huchanua, na ukipata mwenzi huzaa. Mtende unaoshindwa hufanya hayo kwa kupungukiwa mwaka baada ya mwaka. Hakuna haja ya kudai kwamba mtende unajua hali yake ndipo ikubalike kwamba hali hiyo ni njema au mbaya kwake.

Umbo la mtende hufanya hesabu hiyo iwe wazi kuliko katika miti mingi. Mwembe ukikatwa tawi huchipua kwingine, na gamba lake huziba jeraha. Mtende hauna uwezo huo. Kila shina lina kichipukizi kimoja tu cha kukulia, kilichozikwa katikati ya kilele, na kila kuti hutoka humo, moja baada ya jingine. Kichipukizi kikifa, shina limekufa. Jeraha la shina halizibiki kamwe. Kwa hiyo mali yote ya mtende ni makuti yake na akiba iliyomo shinani, na mizani yake ni rahisi: makuti mangapi yanazaliwa katika majira ya joto, na mangapi yanaharibika katika majira ya baridi. Mtende wenye makuti manane, unaotoa mawili kwa mwaka na kupoteza matatu, utabaki na makuti matano baada ya miaka mitatu. Hakuna usiku mmoja wa jalidi utakaolaumiwa. Mtende utakuwa unakufa kwa pengo kati ya kinachoingia na kinachotoka, na pengo hilo lilikuwapo tangu siku ya kupandwa.

Hapo ndipo kosa la kawaida linapozaliwa. Orodha za wauzaji wa miche hupanga mitende kwa jambo moja, kiwango cha baridi kinachoua, na anayetafuta mtende mstahimilivu huchukua ule ulio juu kabisa ya orodha. Juu kabisa upo Rhapidophyllum hystrix, mtende wenye miiba mirefu kama sindano unaoota kwa vishada katika mabonde yenye unyevu ya Georgia, Alabama na kaskazini mwa Florida. Huo hustahimili hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Karibu yake upo Sabal minor, ambao shina lake limezama ardhini na ambao huenea kutoka Karolina ya Kaskazini hadi Texas, ukipenya pia hadi kusini-mashariki mwa Oklahoma. Yote miwili ni mitende ya kivulini, tena ya kupendeza. Lakini kwao joto la mchana mwezi Julai hupita nyuzi 30, usiku huwa wa fukuto, na udongo hubaki na moto kwa miezi. Ustahimilivu wao wa jalidi umejengwa juu ya majira hayo ya joto: kiangazi hujaza akiba, baridi huitumia. Mtu anayeipanda mitende hiyo kwenye pwani ya ukungu ameipa amani na kuinyima riziki. Inakaa. Kuti moja hufunguka kwa mwaka, pengine lisimalize kufunguka kabla baridi haijarudi. Haifi upesi kwa kuwa hakuna kinachoiua, na ndiyo maana hali yake hudhaniwa kuwa ni ushindi.

Rhapis excelsa, mtende mwembamba wa mashina mengi kutoka kusini mwa China, uko karibu na hali hiyo. Wajapani wameulea vyunguni tangu zama za Edo kwa heshima kubwa na kuupa jina lenye kumkumbusha Kannon, bodhisatva wa huruma. Katika bustani ya baridi huvumilia, hukua polepole mno, na hufaa zaidi ukutani penye joto au chunguni kuliko chini ya miti.

Mambo hugeuka mtu anapoacha kuuliza baridi ya kwao ilikuwa kali kiasi gani na kuanza kuuliza joto la kwao lilikuwa la namna gani. Kwenye miteremko ya Sierra Madre Oriental, kaskazini-mashariki mwa Meksiko, chini ya mialoni, huota Chamaedorea radicalis. Ni mtende mdogo, mara nyingi usio na shina la kuonekana, wenye matunda mekundu yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Hauwezi kushindana na Rhapidophyllum kwa jalidi. Nyuzi 6 au 7 chini ya sifuri kwa usiku mmoja ni mtihani wake mkubwa. Lakini huendelea kukua katika ubaridi mwepesi ambao ungeulaza ule mwingine. Jirani yake Chamaedorea microspadix, wenye mashina membamba mengi mithili ya mianzi, ni wa tabia hiyo hiyo, na kwa bustani nyingi za pwani hizi miwili hiyo ndiyo chaguo la kwanza lenye haki.

Juu zaidi kimlima ipo mitende inayokwenda mbali kuliko kuvumilia ubaridi, kwani inauhitaji. Ni ile ya misitu ya mawingu, ambako mchana na usiku, Januari na Julai, hutofautiana kidogo, na hewa haikosi unyevu. Geonoma undata ya Andes hupanda hadi zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Lepidorrhachis mooreana huota kileleni mwa mlima Gower, mita 875, katika kisiwa cha Lord Howe, ndani ya msitu mfupi uliofunikwa na kuvumwani, na hata joto la kiasi la chini ya mlima huo huo haliupendi. Mitende kama hiyo hudhoofika katika miji ya joto ambako wapenzi wa mitende ni wengi, na hustawi San Francisco, ambako watu hudhani mtende hauna kazi. Sharti lake ni kutokuwapo kwa jalidi nzito. Kwa hiyo mwenye bustani ya pwani hana budi kupima vitu viwili kwa pamoja: usiku mmoja mbaya kuliko yote, na wastani wa siku zote nyingine. Wauzaji wamezoea kupima kile cha kwanza, ilhali mtende huishi katika cha pili.

Nīkau wa New Zealand, Rhopalostylis sapida, unaongeza kipimo cha tatu, yaani muda. Hakuna mtende unaoota kwa asili kusini zaidi yake. Hufika kisiwa cha Pitt katika visiwa vya Chatham, kwenye latitudo 44. Majira ya joto ya kwao ni ya upole, hivyo pwani za baridi zisizo na jalidi huufaa sana. Lakini nīkau huanza maisha yake chini ya miti, na hukaa bila shina kwa miaka 40 hadi 50 ndipo uanze kuinuka. Anayeupanda akiwa mtu mzima anapanda mtende wa kivulini ambao wengine watauona ukitoka kivulini. Katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Anas bin Malik, Mtume Muhammad aliagiza kwamba Kiyama kikimkuta mtu na mche wa mtende mkononi, naye akaweza kuupanda, basi aupande. Wafafanuzi wameielewa kama agizo la kutenda mema hata pasipo tumaini la kuona faida. Lipo pia jambo jingine ndani yake ambalo halipaswi kupita bila kuangaliwa: katika saa ambayo hakuna atakayekula tende hizo, bado mche una haki ya kuingia ardhini. Faida ya mpandaji imeondolewa kabisa kwenye mizani, na tendo limebaki na uzito wake.

Wapo wanaopinga kwamba mtu anaweza kuwiwa na mmea. Pingamizi lililo na nguvu kuliko yote ni la mwanafalsafa Peter Singer na wenzake, ambao tangu miaka ya 1970 wamefundisha kwamba mstari wa maadili unapita penye uwezo wa kuhisi maumivu. Mtende hauna neva wala ubongo. Kwa hiyo mtende uliodumaa si mtende unaoteseka, na kuuhurumia ni kuuvisha hisia za mwanadamu. Kant naye hakukubali wajibu wa moja kwa moja kwa mimea, ingawa mwaka 1797 aliandika kwamba kuharibu bila sababu uzuri wa mimea hudhoofisha ndani ya mtu hisia inayomsaidia kuwa mwadilifu. Kwake yeye mdai ni utu wa mtu mwenyewe.

Sehemu ya kwanza ya pingamizi hilo ni kweli na inapaswa kukubaliwa waziwazi. Kudumaa si mateso. Lakini kutokana na hilo haifuati kwamba kudumaa si kitu. Paul Taylor, katika kitabu chake juu ya kuheshimu maumbile kilichotoka mwaka 1986, alionyesha kwamba kila kiumbe hai ni kitovu cha maisha yanayoelekea kwenye lengo lake, na kwamba inawezekana kusema kwa ukweli kuwa jambo fulani linakifaa au linakidhuru bila kuuliza kama kinahisi. Albert Schweitzer alifika karibu na hapo kwa njia nyingine mwaka 1915, akisafiri kwa mashua kwenye mto Ogowe nchini Gabon, alipopata wazo la kuyacha maisha yote. Kwake mtu mwadilifu hachumi hata jani bila haja. Aliyekuwa akifikiri hivyo hakuwa mtu wa kukaa maktabani. Alikuwa daktari aliyelazimika kila siku kuua vijidudu ili kuponya watu, na alijua kwamba haja zipo. Alichokataa ni kuua au kuharibu kwa uzembe.

Dini zenye asili ya Ibrahimu zilikuwa zimeweka daraja zake mapema. Thomas Aquinas alifundisha kwamba mimea ipo kwa ajili ya wanyama, na wanyama kwa ajili ya watu. Anayekata mti kwa matumizi halali hana hatia. Mafundisho hayo mara nyingi hutajwa kana kwamba yanafunga mjadala. Hayaufungi, kwa maana katika dini hizo hizo mwanadamu hakupewa mimea kama mali isiyo na mwenyewe. Katika Mwanzo anawekwa bustanini ailime na kuitunza. Katika Kumbukumbu la Torati jeshi linalouzingira mji linakatazwa kuangusha miti ya matunda. Katika Kurani, sura ya Ar-Rahman, mimea na miti inatajwa kuwa inasujudu, na mara baada ya hapo inatajwa mizani ambayo watu wameonywa wasiipunje. Kiumbe kinachosujudu kina uhusiano na Muumba wake usiopitia kwa mwenye bustani. Mwenye bustani ameshika amana, na amana haipimwi kwa kutopotea tu. Hupimwa kwa kurudishwa ikiwa katika hali iliyo njema.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni kwamba mtende una heri yake. Deni linaloambatana na heri hiyo si kubwa kama lile la mtu kwa mtoto wake au hata kwa mbuzi wake, wala halimkatazi mtu kupanda mitende ya mbali. Linamtaka achague kwa kuangalia maisha ya mtende na si uimara wake pekee. Anayetaka umbo la mtende mahali ambapo hakuna mtende unaoweza kustawi ana njia nyingine za kulipata umbo hilo. Ipo minyasi mipana na ipo mikangaga ya miti, ambayo kwenye pwani za ukungu hupendeza kuliko Sabal uliodumaa.

Deni hilo pia halianzii bustanini. Mche una mahali ulikotoka, na kwa mitende ya kivulini historia ya mahali hapo ina uchungu wake. Rhapidophyllum ulichimbwa sana porini kwa ajili ya biashara hata Florida ikauweka katika orodha ya mimea inayonyonywa kibiashara. Mitende ya Chamaedorea hukatwa makuti katika misitu ya Meksiko na ya Petén nchini Guatemala, ambako huitwa xate, na makuti hayo huuzwa kwa wauza maua na kwa makanisa ya Marekani yanayoyatumia Jumapili ya Matawi. Pwani ya Afrika Mashariki waumini hukata kuti la mnazi au la mkindu ulio karibu, na mti hauoni tofauti kubwa. Mtende mdogo wa msituni wenye makuti matano ni habari nyingine. Ukikatwa matatu, na mwaka unaofuata matatu tena, mizani ile ile ya kinachoingia na kinachotoka huvunjika: hupunguza maua, hukosa mbegu, na mwishowe msitu hubaki na mitende mikongwe isiyo na watoto. Biashara ilipolipa wakataji kwa wingi wa makuti, walikata yote, na sehemu kubwa ikatupwa kwa kuwa na madoa. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Minnesota kilianza pamoja na makanisa machache mpango wa kununua kwa bei ya juu makuti yaliyochaguliwa kwa ubora, ili mkataji apate zaidi kwa kukata machache. Kolombia nayo ina kisa chake. Ceroxylon quindiuense, mtende wa nta wa Andes na mti wa taifa tangu 1985, ulikuwa ukikatwa makuti machanga kwa ajili ya Jumapili hiyo hiyo, huku kasuku mwenye masikio ya manjano, anayetaga katika vigogo vyake, akikaribia kutoweka. Kanisa lenyewe likashiriki kuwahimiza waumini watumie mimea mingine.

Sikukuu ya kumshangilia Kristo haikuhitaji mtende upungukiwe, na wengi waliobadili desturi hiyo walifanya hivyo kwa sababu za imani. Chamaedorea radicalis yenyewe, ile iliyosifiwa hapo juu, ndiyo inayokatwa makuti na wanavijiji wa hifadhi ya El Cielo huko Tamaulipas kwa ajili ya soko la maua. Mwenye bustani anayeinunua anapaswa kutaka mche uliokuzwa kutoka mbegu ya bustanini. Si vigumu kuupata: mtende huo huzaa upesi ukiwa kivulini, ilimradi wapandwe kadhaa pamoja, kwa kuwa kila mmea ni ama wa kiume ama wa kike. Kupanda mmoja peke yake ni kuuondolea moja ya zile kazi tatu za nafsi yake.

Kuzaa, hata hivyo, kunaleta ugumu ambao Aristotle hakulazimika kuushughulikia. Trachycarpus fortunei, mtende wa milima ya China ambao mkusanyaji wa mimea Robert Fortune aliupeleka Uingereza mwaka 1849, una kila kitu kinachotafutwa. Hustahimili baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, hukua katika majira ya joto dhaifu, hukubali kivuli ukiwa mchanga. Kwa kipimo cha heri ya mtende hakuna unaoushinda. Katika jimbo la Ticino, kusini mwa Uswisi, ulipandwa kwenye bustani za kando ya maziwa, ndege wakala matunda yake, na leo umejaa chini ya misitu ya huko kiasi cha kuinyima miche ya miti ya asili mwanga. Uswisi ni nchi ambayo tangu 1992 katiba yake inataka heshima ya viumbe izingatiwe, na mwaka 2008 kamati yake ya shirikisho ya maadili ya bioteknolojia ilitamka kwamba kuudhuru mmea bila sababu ni kosa. Nchi hiyo hiyo, kuanzia Septemba 2024, imepiga marufuku kuuzwa kwa mtende huo. Hakuna ukinzani hapo. Heri ya mtende mmoja ni hoja ya kweli, lakini si hoja ya mwisho. Msitu unaoupokea nao una viumbe vyenye heri zao, ambavyo havikuombwa ridhaa. Ambapo Trachycarpus huota wenyewe nje ya uzio, mwenye kuupenda anaweza kuupanda wa jinsi moja, au kukata vishada vya maua kabla havijafungua karara, na kukubali kwamba kazi ile ya tatu ameizuia kwa sababu nzito. Ambapo sheria imekataza, basi aache.

Upande wa ulezi una mambo machache. Kivuli kinachofaa ni cha juu na chepesi, cha miti isiyopukutisha majani, kwa sababu majani hayo hurudisha chini sehemu ya joto linalotoka ardhini usiku na kuukinga mtende na jalidi. Kivuli kizito cha ukutani upande usiopata jua huongeza baridi bila kukinga kitu. Mashimo na vibonde ambamo hewa ya baridi hutuama havifai. Udongo upitishe maji vizuri, kwani mizizi iliyo baridi na iliyozama majini huoza mapema kuliko mizizi iliyo baridi tu. Kupanda kufanywe majira ya kuchipua, ili mizizi iwe na miezi yote ya joto mbele yake. Upepo usisahauliwe. Bustani ya Tresco Abbey visiwani Scilly, iliyoanzishwa na Augustus Smith mwaka 1834, ilipoteza sehemu kubwa ya mimea yake kwa theluji na baridi ya Januari 1987. Miaka mitatu baadaye, Januari 1990, kimbunga kikaangusha miti mingi iliyoikinga, na mimea ya kivulini iliyokuwa imepona ikajikuta uwanjani. Miti ya juu ni nusu ya mtende wa kivulini, na anayeupanda amejifunga kuitunza yote miwili.

Linabaki suala la mtende uliokwisha kupandwa mahali pasipoufaa. Taylor aliweka wajibu wa kufidia miongoni mwa wajibu wa mtu kwa viumbe hai, na hapa una maana ya moja kwa moja. Rhapidophyllum uliodumaa chini ya miti unaweza kuhamishwa: uchimbwe na bonge lake la udongo mwanzoni mwa majira ya joto, upelekwe mbele ya ukuta wa mawe unaopigwa na jua mchana kutwa, au apewe mtu anayeishi bara ambako Julai ina joto la kweli. Utachukua zaidi ya mwaka kuonyesha kwamba umepokea. Sabal minor hauhamishiki hivyo, kwa sababu shina lake limezama na mizizi iliyokatwa hufa hadi shinani. Kuuchimba ukiwa mkubwa mara nyingi ni kuuua. Kwa huo inafaa kupeleka joto ulipo: kupunguza matawi yaliyo juu yake hadi upate jua la siku nzima, kuondoa matandazo mazito yanayouweka udongo katika ubaridi, na kutandaza mahali pake changarawe au mawe meusi yanayoshika joto la mchana. Kisha makuti yahesabiwe, mapya na yaliyokufa, kila mwaka kabla ya baridi kuingia.